AKILI YETU SI SEHEMU YA MSHAHARA



Yako maneno ambayo matajiri hupenda kutuambia kila tunapoketi nao mezani. Husema, "Mfanyi kazi amelipwa mshahara wake. Basi kila alifanyalo tangu king'ora cha asubuhi mpaka cha jioni ni mali ya kampuni, na kila alifikirialo ni mali ya kampuni vile vile." Maneno hayo twayajibu leo, maana neno baya likinyamaziwa siku nyingi hugeuka desturi, na desturi ikikomaa watu huiita sheria.

Twajua karakana moja, jina lake hatulitaji, ambamo beringi za ekseli zilikuwa zikitolewa na watu wanne kwa nyundo na tindo, kutwa nzima, na vidole vikipondeka. Fundi mmoja alikusanya vyuma chakavu, akakereza parafujo nene, akaunda chombo cha kuzivuta. Kazi ya watu wanne ikawa yafanywa na wawili kabla ya saa sita mchana. Fundi akapewa fulana na barua ya shukrani. Picha ikapigwa, na katika picha mkubwa wa idara ndiye aliyeshika chombo. Baada ya miezi miwili wale wawili waliobaki bila kazi wakaambiwa hawahitajiwi tena. Wazee walisema mchumia juani hulia kivulini. Kwetu anayechuma juani ni mmoja, na anayekula kivulini ni mwingine.

HATAZA NI NINI

Katika mambo haya iko karatasi moja ambayo wengi wetu twaisikia tu kwa mbali. Yaitwa hataza, na mafundi wengi huiita patenti. Ni hati ya serikali inayosema kwamba kitu fulani kilivumbuliwa na fulani, na kwamba kwa muda wa miaka 20 hapana mtu atakayekitengeneza wala kukiuza bila ruhusa ya mwenye hati. Naye mwenye hati, kwa kulipia haki hiyo, hueleza wazi jinsi kitu chake kinavyofanya kazi, ili muda ukiisha kiwe cha watu wote. Si kila kitu hupata hataza. Lazima kiwe kipya, kiwe na jambo ambalo fundi wa kawaida asingeliona mara moja, na kiweze kutumika kazini. Kwa vyombo vidogo vidogo kiko cheti kingine chepesi zaidi, cha miaka 10.

Zamani mlango huu ulikuwa umefungwa kwetu. Kwa sheria ya kikoloni, iliyoendelea hata baada ya Uhuru wa mwaka 1963, hataza ilitolewa kwanza Uingereza, na hapa Kenya ikaandikishwa tu. Mtu wa Nakuru au Kisumu aliyevumbua kitu ilimbidi agonge mlango wa London kwanza. Mambo hayo yalikomeshwa na Sheria ya Mali ya Viwanda ya mwaka 1989, na baadaye ikaja ile ya mwaka 2001, ambayo ndiyo iliyoweka ofisi ya KIPI.

Hati hii ina nguvu kubwa. Tazameni injini za reli. Mnamo mwaka 1955 na 1956 Reli na Bandari za Afrika Mashariki ilipokea injini 34 za mvuke za daraja la 59, zilizojengwa Manchester na kampuni ya Beyer Peacock, ili zivute mizigo baina ya Mombasa na Nairobi. Mbili zingalipo katika Makumbusho ya Reli, Nairobi. Injini za namna hiyo huitwa Garratt, kwa jina la Mwingereza Herbert Garratt aliyechukua hataza yake mwaka 1907. Mtu huyo alikufa mwaka 1913, na jina lake lingali vinywani mwa watu wa reli. Basi hati huhifadhi jina, na jina huleta fedha. Ugomvi wetu na tajiri uko hapa: jina la nani litaandikwa, na fedha zitamfikia nani?

WALIOTUTANGULIA

Jambo hili ni la zamani kama mvuke wenyewe. Mwaka 1781 James Watt wa Uingereza alichukua hataza ya meno yazungukayo, moja likizunguka jingine kama sayari izungukavyo jua. Alihitaji njia hiyo kwa sababu mkono wa kawaida wa kuzungushia gurudumu ulikuwa tayari chini ya hataza ya mtu mwingine, James Pickard. Wanahistoria wengi wasema aliyeifikiri njia hiyo ni William Murdoch, fundi aliyekuwa ameandikwa kazi na Watt na mwenzake Boulton tangu mwaka 1777. Hati iliandikwa Watt.

Tena yuko ndugu yetu wa reli, Elijah McCoy. Wazazi wake walitoroka utumwa Kentucky wakakimbilia Kanada, na huko akazaliwa. Alisomea uinjinia Scotland, lakini aliporudi Marekani, kwa sababu ya rangi yake, reli ya Michigan Central ikampa kazi ya kutia makaa na kupaka mafuta. Siku zile treni ilibidi isimame kila mara ili mtu ashuke na kopo la mafuta. McCoy akaunda kikombe kilichotia mafuta chenyewe injini ikiwa yaenda, akapata hataza mwaka 1872. Katika maisha yake alipata hataza zaidi ya 50. Lakini hakuwa na mtaji wa kujenga kiwanda, kwa hiyo haki nyingi alizitoa kwa wenye fedha. Kampuni yenye jina lake mwenyewe ilianza mwaka 1920, naye amekwisha pita miaka 70. Miaka 9 baadaye akafa. Hapa twaona kwamba hata aliye na hati mkononi, akiwa peke yake, huuza haki yake kwa bei ya mwenye njaa.

"HAYO NI YA KALE"

Tajiri atasema hayo ni ya kale, na siku hizi mambo ni ya haki. Basi tumpe ya siku hizi.

Katika Ujapani Shuji Nakamura aliajiriwa na kampuni ya Nichia. Mwaka 1993 kampuni ilitangaza taa yake ya LED ya buluu yenye mwanga mkali, jambo lililowashinda wengi kwa miaka. Kutokana na buluu hiyo ndipo zilipopatikana taa nyeupe za LED ambazo leo tunazo nyumbani na kazini. Bahashishi aliyopewa kwa uvumbuzi wake ilikuwa yen 20,000. Alikwenda mahakamani, na mwaka 2004 mahakama ya Tokyo ikaamuru alipwe yen bilioni 20. Kampuni ikakata rufani, na mwaka 2005 wakapatana kwa yen milioni 840 hivi. Mwaka 2014 alikuwa mmoja wa watatu waliopewa Nishani ya Nobel kwa taa hiyo. Ulimwengu mzima uliona thamani yake, na aliyekuwa karibu naye kuliko wote aliona yen 20,000.

Katika Uingereza Ian Shanks alikuwa katika kazi ya Unilever mwaka 1982 alipounda chombo cha kupima sukari katika damu, cha kuwasaidia wagonjwa wa kisukari. Cha kwanza alikiundia nyumbani kwake, kwa vioo alivyotoa katika darubini ya kuchezea ya binti yake na vibanio vya karatasi. Kampuni ilipata pauni milioni 24 hivi kwa hataza hizo. Shanks alidai sehemu yake tangu mwaka 2006. Na ndugu, sikieni jibu alilopewa katika ngazi za chini: kwamba pauni milioni 24 si faida kubwa, kwa kuwa kampuni yenyewe ni kubwa mno! Yaani mtu akimwibia maskini kuku ni mwizi, lakini tajiri mwenye ng'ombe elfu akila kuku wako, kuku huyo haonekani. Mahakama ya Juu ya Uingereza iliyakataa maneno hayo mwezi wa Oktoba mwaka 2019, ikaamuru alipwe pauni milioni 2. Miaka 13 ya kudai. Ni fundi gani wa karakana atakayeweza kumlipa wakili kwa miaka 13?

HOJA YA TAJIRI

Tusimdhulumu tajiri naye. Husema yeye ndiye aliyenunua mashine, ndiye aliyetoa umeme na vyuma, na mawazo yakiharibika hasara ni yake. Kweli. Kwa hiyo hatusemi kwamba kila kitu kiwe cha fundi. Apate sehemu ya mashine zake na ya fedha zake. Lakini fundi ameandikwa kufunga na kufungua, kukereza na kuchomelea, na mshahara wake umepimwa kwa kazi hiyo. Kama tajiri ataka na uvumbuzi pia uwe ndani ya mshahara, na auandike katika barua ya kazi na auongeze katika bahasha. Hawezi kununua gunia moja akabeba mawili. Hata Maandiko tuliyofundishwa shuleni yamkataza mtu kumfunga kinywa ng'ombe anayepura nafaka, na sisi si ng'ombe.

SHERIA YETU YASEMAJE

Wengi hawajui ya kuwa sheria ya Kenya ya mwaka 2001 imekwisha tamka juu ya jambo hili. Yasema kwamba kama mtu hakuajiriwa ili avumbue, naye akavumbua kwa kutumia vyombo au habari alizozipata kazini, haki ya hataza huwa ya tajiri, lakini mfanyi kazi ana haki ya malipo ya haki. Malipo hayo hupimwa kwa kutazama mshahara wake, thamani ya uvumbuzi, na faida aliyoipata tajiri. Na aliyevumbua nje ya kazi yake, bila kutumia mali ya tajiri, kitu ni chake mwenyewe. Tena jina la mvumbuzi liandikwe katika hati, isipokuwa yeye mwenyewe akataa kwa maandishi.

Someni vizuri, kwa maana iko nafasi ndani yake. Haki hiyo ya tajiri husimama pale tu ambapo mkataba haukusema vingine. Mkataba waweza kusema vingine! Na kwa Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007, mkataba wa pamoja kati ya chama na tajiri, ukiisha andikishwa mahakamani, huingia katika mkataba wa kila mfanyi kazi anayehusika. Wajerumani waliona mbali. Tangu mwaka 1957 wana sheria maalum ya uvumbuzi wa wafanyi kazi, na tajiri akiuchukua uvumbuzi lazima aulipie. Sisi hatuna haja ya kungoja Bunge. Kalamu iko mezani petu.

TUNAYOYADAI

Kwa hiyo twaomba kamati kuu iyatie haya katika mazungumzo ya mkataba ujao:

1. Kila wazo linalopelekwa kwa tajiri lipewe stakabadhi yenye tarehe na jina la aliyelitoa. Sanduku la maoni lisilo na stakabadhi ni mtego wa panya.

2. Tajiri akilitumia wazo, likiwa na hataza au bila hataza, mwenyewe alipwe fungu linalopimwa kwa faida, na hesabu ionyeshwe kwa chama. Fulana si malipo.

3. Asiachishwe mtu kazi kwa sababu ya chombo alichokiunda mwenziwe. Bila sharti hili fundi mwenye akili atafunga kinywa chake, na atakuwa na haki, kwa kuwa hapana mtu mwema apendaye kuunda kisu cha kumchinjia ndugu yake.

4. Uvumbuzi unaohusu usalama ujibiwe na kamati ya pamoja kwa muda uliowekwa, na ukifaa utumike. Katika Marekani Eli Janney alipata hataza ya kiungo cha mabehewa kinachojifunga chenyewe mwaka 1873. Kabla yake mtu alisimama katikati ya mabehewa akitia pini kwa mkono. Dawa ilipatikana, lakini wenye reli walihesabu gharama, na vidole vikaendelea kukatika. Sheria ya kuwalazimisha ilikuja mwaka 1893, miaka 20 baadaye. Hati peke yake haina miguu. Huendeshwa na watu wanaodai.

Nanyi ndugu, msingoje mkataba ndipo muanze. Ukipata wazo, lichore katika daftari, weka tarehe, utie sahihi, na wenzio wawili watie sahihi zao. Usimpe mkubwa mchoro ambao huna nakala yake. Usikitangaze chombo ovyo kabla ya kuuliza, kwa kuwa kitu kilichokwisha julikana kwa wote chaweza kukosa hataza. Mwone kwanza mjumbe wa chama katika karakana yako.

McCoy alikuwa na akili kuliko waliomwandika kazi, na akili peke yake haikumtosha. Alikosa wenzake wa kusimama naye mezani. Sisi tunao. Mkutano wa tawi ukiitwa, njoni na jambo hili mkononi, na kila anayekwenda kuzungumza na tajiri kwa niaba yetu aulizwe atafanya nini juu yake.

Umoja ni nguvu.