URAIA WA URUSI, BEI YAKE DAMU

Ndugu wanachama,

Amri ya Putin ya Januari 2024 inampa mgeni uraia wa haraka, yeye na familia yake, akisaini mkataba wa jeshi wa mwaka mmoja. Mwaka mstari wa mbele! Mtanzania mwenzetu, mwanafunzi aliyefungwa gerezani huko, aliahidiwa msamaha akaingia Wagner. Oktoba 2022 akafia Ukraine. Na atakayepona? Sheria yetu ya 1995 hairuhusu uraia pacha: akiuchukua ule, Utanzania wake umekwenda. Tawi linaitaka Serikali iwasake mawakala wa biashara hii na kuwafikisha mahakamani. Wajumbe wa mashina, kijana akiaga kwenda Urusi eti “kazi ya ulinzi”, mkataba usomwe kwanza kwa Kiswahili, mzazi akiwepo.

Katibu Mwenezi wa Tawi