Kulungu wa Kuposti na Kulungu wa Kula

Leo stori inatoka huku kwa Trump, ila inawahusu mpaka nyie mliopo Mbagala na Kinondoni, kwahiyo msiniache.

Mnamkumbuka yule kaka maarufu wa diaspora aliyeposti picha amekalia kulungu, ameshika pembe kama ameshika usukani wa Prado? Jina simtaji, mnamjua. Laiki zilimwagika, komenti zote "mfalme", "maisha ndo haya". Ambacho hakuposti ni kwamba mambo yale ni ya ranchi ya binafsi yenye uzio. Unalipia, unapewa mwongozaji, chumba na chakula, halafu unaoneshwa mnyama ambaye hawezi kutoka nje ya seng'enge. Pembe zikiwa kubwa na bei inapanda. Hela yake, mimi sina neno.

Neno langu ni kwa mshkaji wangu mmoja hapa Maryland, tunabeba naye maboksi ghala moja. Aliiona ile picha, akachanganyikiwa. Akachukua dola 3,500 kwenye kadi ya mkopo, akalipia pakeji ya siku tatu ya aina hiyohiyo. Picha alipiga, na laiki 212 akapata. Mwezi wa pili mama yake ananipigia mimi WhatsApp kutoka Temeke: "Mwanangu, hivi mwenzio mzima kweli? Maana ada ya mdogo wake mwaka huu kimya, na simu hapokei." Niliishiwa maneno. Ningemwambia nini? Kwamba ada imegeuka pembe na zipo ukutani?

Sasa mimi sisemi watu wasiwinde. Nasema kuwinda huku ni kitu cha mtu wa kawaida kabisa, tumedanganywa tu kuwa ni cha mastaa. Huyu kulungu wa mkia mweupe amejaa Marekani, mpaka anakula maua ya watu mitaani na kugongwa na magari. Tena kuna misitu ya umma ambayo hata wewe mbeba maboksi unaingia, kiingilio hakuna.

Mwaka jana tulienda watatu jimbo jirani la Pennsylvania. Wenzangu wawili wana bunduki zao kihalali. Mimi sina, nikaenda kama mpishi wa kambi. Hesabu yetu hii hapa:

Leseni ya mtu asiye mkazi wa Pennsylvania ni dola 101.97, na ndani yake kuna kibali cha dume mmoja. Wawindaji wawili, 203.94. Mafuta kwenda na kurudi, gari moja, 110. Vizibao viwili vya rangi ya chungwa, 30. Chakula, mchele na maharage tumebeba nyumbani, 90. Malazi sifuri, maana Allegheny National Forest unaruhusiwa kupiga hema bure sehemu nyingi. Jumla dola 433.94, watu watatu. Ile 3,500 ingetupeleka mara nane na chenji ingebaki.

Ukitaka kufanya kama sisi, kaa na haya kichwani.

Kwanza chagua jimbo kwa mfuko wako, usichague kwa sifa. Iowa inasifika kwa madume makubwa, lakini mgeni analipa zaidi ya dola 600 na anaingia kwenye droo, wengine wanasubiri miaka. Kentucky leseni ni 150 na kibali cha kulungu 185, unanunua bila droo. Bei zinapanda, kwahiyo cheki tovuti ya jimbo lenyewe kabla hujatoa hela.

Pili, cheti cha mafunzo ya uwindaji. Kama hujawahi kuwinda, utaombwa. Ukikipata jimbo moja, mengine yanakitambua.

Tatu, na hapa naomba usome taratibu: makaratasi. Kama huna makaratasi ya kuishi huku, bunduki usiiguse hata kwa kupiga nayo picha. Ni kosa la shirikisho, utapoteza kila kitu. Mwenye viza ya masomo au matembezi naye amekatazwa, isipokuwa kwa sababu chache kama kuwa na leseni ya kuwinda ambayo haijaisha muda. Muulize mwanasheria, usimuulize mshkaji. Na ukivuka jimbo, bunduki isiwe na risasi na ifungiwe kwenye buti.

Nne, sheria za porini. Msimu mkuu wa bunduki Pennsylvania unaanza Jumamosi baada ya Thanksgiving. Rangi ya chungwa lazima, kichwani, kifuani na mgongoni. Na sio kila dume ni lako: kwa mtu mzima, pembe ya upande mmoja iwe na ncha tatu au zaidi. Kama hujaziona vizuri, shusha bunduki.

Tano, jiandae kurudi mikono mitupu. Siku mbili za kwanza wenzangu walikaa kwenye baridi mpaka pua zikakosa hisia, hawakuona hata mkia. Siku ya tatu asubuhi nikasikia mlio mmoja. Aliyepiga ni Muislamu, alisema bismillah kabla ya kufyatua, akamkuta bado anapumua, akamchinja. Wakamburuta karibu saa mbili kwenye theluji mpaka kambini, mimi nikiwangoja na chai ya tangawizi. Jamani, ile chai walivyoishika kwa mikono miwili!

Tulimchuna na kumtoa mifupa kulekule. Majimbo mengi hayataki uingize ubongo na uti wa mgongo kutoka sehemu zenye ugonjwa wa kulungu, kwahiyo tukabeba nyama tupu, kilo kama 20. Kuiuza hairuhusiwi. Tuligawana, tukapika pilau, tukawaita majirani wa Kibongo na yule mshkaji wangu wa pembe.

Alikula kimya. Baadae akaniuliza, "Kwani ilikuwa shilingi ngapi hii?" Nikamwambia. Akaweka kijiko chini. Usiku uleule alimpigia mama yake, na ada anailipa kidogokidogo mpaka leo. Zile pembe bado zipo ukutani kwake, ila anatundikia kofia.

Kwahiyo kaka staa, endelea kuposti, hatukukatazi. Ila siku moja weka na risiti, wadogo zako wanaokufuata wajue wanachokifuata. Na wewe unayesoma hapa, kabla hujaiga picha ya mtu, jiulize nani kwenu atalala na njaa ili wewe upate laiki.

Haya, dondosha komenti hapo chini: ushawahi kuingia deni kwa ajili ya picha? Kuwa mkweli, hatucheki. Tutacheka kidogo tu.