Kikohozi chako na vidonge vya tumbo

Leo tuzungumze jambo tunaloliona haya: maradhi ya utumbo, na kikohozi kinachoweza kuletwa na dawa zake.

Wapo ndugu zetu wenye vidonda vya utumbo mkubwa, maradhi ya kuharisha damu yanayokwenda na kurudi kwa miaka. Hapa Pemba mtu huyo hupewa kwanza dawa za kuhara, kisha za minyoo, mpaka apande boti kwenda Unguja, afike Muhimbili, au aitwe na jamaa walioko Omani. Hurudi na vidonge vya sulfasalazini au mesalazini. Ni dawa nzuri, na wengi huzitumia bila ya tatizo. Hiyo sulfasalazini hata wenye maumivu ya viungo hupewa.

Lakini kwa watu wachache dawa hizi huleta uvimbe ndani ya mapafu. Mtu ameshazizoea wiki kadhaa au miezi, mara huanza kikohozi kikavu, homa, pumzi kumpungua, na pengine kukonda. Picha ya kifua inaonesha mawingu. Ni nani kati yetu asiyesema kifua kikuu? Akipimwa damu, zile chembe ziitwazo eosinofili zimepanda, na kwetu minyoo nayo huzipandisha, kwani mabuu ya minyoo hupita mapafuni. Basi jawabu zote mbili tunazo tayari, na mgonjwa anaendelea kumeza kile kile kinachomuumiza.

Hapa nawalaumu matabibu, na mimi nikiwemo. Tunauliza "unaumwa nini?" na tunasahau "unameza nini?" Na wewe msomaji una sehemu yako. Unaulizwa dawa, unasema hakuna, na vidonge vimo ndani ya mkoba, kwa kuwa kutaja kuhara mbele ya watu ni fedheha, na unachelea kuambiwa swala yako haifai. Nani kakwambia? Tulisoma chuoni kuwa mwenye hadathi isiyokatika hujisafisha, hutia udhu wakati ukishaingia, na huswali faradhi yake. Sheria imeshamwekea nafasi, sisi ndio tunaomfungia.

Ipo pia methotreksati, inayotumiwa mara moja kwa wiki, nayo huweza kuleta uvimbe huo. Infliximabu, inayotiwa kwa mshipa, ina hatari ya namna nyengine: huweza kuamsha kifua kikuu kilicholala. Madaktari walitahadharishwa mwaka 2001, na ndiyo maana mgonjwa hupimwa kwanza. Kwa huyu, akikohoa, kifua kikuu kitafutwe hasa. Na maradhi yenyewe ya utumbo mara chache hufika mapafuni, kwa hiyo usiihukumu dawa peke yako nyumbani.

Ukianza kukohoa au kukosa pumzi na unatumia mojawapo ya dawa hizi, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, ukachukue paketi zote pamoja na za miti shamba. Sema ulianza lini. Kama Septrin au Fansidar ziliwahi kukutoa vipele, sema pia, kwa sababu sulfasalazini ina salfa ndani yake. Ikithibitika ni dawa, daktari ataisimamisha na kukutafutia nyengine. Aghalabu mapafu hurudi kuwa mazima, ingawa wengine huhitaji steroidi kwa muda. Makohozi yapimwe vile vile.

Wabillahi tawfiq.