Saa ya Thamani kwa Mkono Mwembamba

Katika nchi ya Marachi, tangu Butula na Bumala hata kufika mpakani Busia, na kwa jirani zao wa Malaba vilevile, mtu aliyefanikiwa katika biashara hutambulikana kwa nyumba yake, kwa ng'ombe wake wa maziwa, na kwa saa aliyoivaa mkononi. Nyumba na ng'ombe hubaki nyumbani, bali saa hutembea pamoja na mwenyewe sokoni, matangani na harusini. Ndiyo sababu wengi wakipata fedha hununua saa iliyo kubwa kupita zote, ipate kuonekana toka mbali. Kwa mtu mwenye mkono mnene hapana neno. Lakini mwenye mkono mwembamba aweza kupoteza fedha zake, na heshima aliyoitafuta asiipate.

Mathalani, mfanyabiashara wa mahindi aliyeweka akiba miaka mitano apate saa ya Uswisi. Dukani alionyeshwa saa yenye upana wa milimita 44, akaipenda palepale, akailipa. Siku ya kwanza alipanda bodaboda kwenda mpakani. (Neno hilo, ambalo sasa limeenea Afrika Mashariki nzima, lilizaliwa hapo hapo Busia katika miaka ya 1960, wakati vijana wa baiskeli walipokuwa wakiwachukua abiria kutoka kituo cha mpaka mmoja hadi cha pili.) Kwa kila shimo la njiani saa ilirukaruka mkononi. Jioni uso wake ulikuwa umegeukia chini upande wa kiganja, na kile kichwa kidogo cha kutilia ufunguo kilikuwa kimemchubua ngozi. Shemeji yake akamtazama, akamwuliza, "Bwana shemeji, saa hii umeazimwa na nani?"

Saa yenyewe haikuwa na kosa. Kilichokosekana ni kipimo, nacho ni kazi ya dakika mbili tu. Mtu achukue uzi, auzungushe kwenye kifundo cha mkono mahali ambapo saa hukaa, kisha aunyooshe juu ya rula. Ikiwa uzi ni wa sentimita 15 hadi 16 na nusu, mkono huo ni mwembamba. Lakini asiishie hapo. Aweke rula juu ya kifundo apime sehemu ile iliyo bapa, toka ukingo mmoja hadi wa pili. Kwa mikono mingi myembamba sehemu hiyo haizidi milimita 50 au zaidi kidogo, na kipimo hicho ndicho aendacho nacho dukani.

Wauzaji hutaja upana wa kasha la saa tu, lakini upana huo haumwambii mtu habari yote. Kila saa ina pembe nne zitokazo kashani, mbili juu na mbili chini, ambazo hushika mkanda. Urefu toka ncha za pembe za juu hadi ncha za pembe za chini ndio unaoamua kama saa itakaa au itaning'inia. Ncha hizo zikipita ile sehemu bapa ya kifundo, hapana mkanda uwezao kuiponya saa hiyo. Kwa hivyo saa ya milimita 38 yenye pembe fupi zilizoinama huweza kukaa vizuri kuliko ya milimita 36 yenye pembe ndefu zilizonyooka. Unene nao una maneno yake: saa inayozidi milimita 12 au 13 husimama juu ya mkono mwembamba kama chungu kilichofunikwa, wala haiingii chini ya mkono wa shati.

Wapo wasemao kwamba saa ndogo ni ya kike. Hao hawajui historia ya kifaa wanachokivaa. Mwanzoni mwa karne ya 20 saa yoyote ya mkononi, kubwa kwa ndogo, ilihesabiwa kuwa pambo la wanawake; wanaume walitia saa zao mfukoni. Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyowageuza, kwani askari aliye handakini hawezi kupekua mfuko kila atakapo kujua wakati. Hata baada ya hapo, katika miaka ya 1940 na 1950, saa ya mwanamume mwenye cheo ilikuwa na upana wa milimita 33 hadi 36. Calatrava ya kwanza ya Patek Philippe, iliyotoka mwaka 1932, haikufika hata milimita 32. Saa kubwa mno zilikuwa za kazi maalum, kama zile za Panerai za milimita 47 walizovaa wapiga mbizi wa jeshi la majini la Italia. Nazo zilifungwa juu ya nguo nene za kuzamia. Tamaa ya kuzivaa saa za namna hiyo sokoni ilienea hasa tangu miaka ya 1990.

Siku hizi watengenezaji wenyewe wamerudi nyuma kidogo. Rolex iliitoa saa yake iitwayo Explorer mwaka 1953 kwa milimita 36, ikaipanua hadi 39 mwaka 2010, kisha mwaka 2021 ikairudisha kwenye 36. Oyster Perpetual ya kampuni hiyo hupatikana kwa milimita 28, 31, 34 na 36, mbali na ile kubwa ya 41. (Ng'ambo ya pili, upande wa Uganda, rolex ni chapati iliyokunjwa na mayai, nayo hukaa vema katika mkono wowote.) Tudor, iliyoanzishwa na Hans Wilsdorf yule yule mwanzilishi wa Rolex, ilitoa mwaka 2023 saa ya kuzamia ya milimita 37 iitwayo Black Bay 54, na bei yake ni nafuu kuliko ya ndugu yake mkubwa. Tena, si lazima saa iwe ya mviringo. Tank ya Cartier, iliyobuniwa mwaka 1917, ni ya pembe nne na nyembamba. Hulala juu ya kifundo chembamba kana kwamba ilichongwa hapo, kwa bwana na kwa bibi.

Wala udogo haupunguzi thamani. Elizabeth wa Pili, aliyerithi ufalme mwezi wa Februari 1952 akiwa hapa hapa Kenya, huko Treetops karibu na Nyeri, alivaa siku ya kutawazwa kwake London mwaka 1953 saa ya Jaeger-LeCoultre ambayo mitambo yake ina uzito wa gramu moja hivi.

Mkanda nao usidharauliwe. Bangili ya chuma hupunguzwa vipande mpaka itoshe, na yafaa ipimwe mchana wakati wa joto, kwani mkono huvimba kidogo. Iliyobana asubuhi itatesa saa nane. Mkanda wa ngozi hupendeza mkono mwembamba, lakini katika joto na mvua za upande huu jasho huuoza upesi. Na saa iliyoandikwa mita 30 isidhaniwe kuwa ni ya kuogelea ziwani. Hiyo yahimili matone ya mvua na maji ya kunawa, basi.

Jambo la mwisho ni la fedha, na ndilo gumu. Saa mpya ya namna hii yaweza kugharimu laki kadhaa za shilingi, hata milioni, na mpakani hapakosi kijana mwenye kuuza "ya Uswisi" kwa shilingi elfu tatu. Hiyo ni bandia bila shaka yoyote, na sheria ya Kenya dhidi ya bidhaa bandia imekuwapo tangu mwaka 2008. Anunuaye Kampala adai risiti yenye namba ya saa, kisha aitangaze kwa maofisa wa ushuru apitapo Busia au Malaba. Asitegemee ile njia nyepesi ya wafanyabiashara wadogo wenye mali isiyozidi dola 2,000, kwani hiyo ni kwa mali iliyotoka katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, na saa ya Uswisi haimo.

Yule mfanyabiashara wa mahindi alipochoka kuchekwa alifungua sanduku la marehemu baba yake, aliyekuwa mwalimu, akatoa Omega ya miaka ya 1950, yenye upana wa milimita 34, iliyosimama zamani. Akaipeleka kwa fundi saa mzee. Mzee akatia kioo cha kukuzia jichoni, akaifungua, akakaa kimya kitambo.

"Mwanangu, umeitoa wapi?"

"Ni ya baba, mzee."

"Mitambo ni mizima. Itaka kusafishwa na kutiwa mafuta. Lakini nisikilize: mtu asikwambie aupake rangi uso wake, wala asilisugue kasha ling'ae. Akifanya hivyo, nusu ya thamani yake imekwenda."

Baada ya wiki mbili saa ilikuwa ikienda. Akaitilia mkanda mpya wa ngozi, akaivaa, na zile pembe nne zikakoma ndani ya kifundo chake, kama zilivyokoma katika kifundo cha baba yake. Ile ya milimita 44 aliiuza kwa hasara, ikachukuliwa na dereva mmoja wa malori ya Malaba, mtu wa mkono mnene, ambaye imemkaa sawasawa.