Kabla Hujanunua Modemu ya Kupokea Simu za Ofisi Ukiwa Nyumbani

Mteja amelipa kwa Till isiyo sahihi. Anapiga simu ofisini akiwa na wasiwasi, anaanza kukusomea nambari ya muamala herufi kwa herufi, na katikati sauti inakatika. "Ulisema B ama D?" Kimya. Akirudi hewani ameshakasirika, na huwezi kumlaumu.

Sisi hili limetupata. Tulipoanza kuruhusu wenzetu wa huduma kwa wateja wafanyie kazi nyumbani, tulinunua modemu za mfukoni kwa kuangalia kitu kimoja tu: kasi iliyoandikwa kwenye boksi. Mbps 150, tukaona tumemaliza. Wiki haikuisha kabla wengine hawajarudi ofisini kwa hiari yao, msongamano wa magari na yote.

Sasa tunajua kosa lilikuwa wapi. Simu ya ofisi inayopita kwenye intaneti hula data kidogo sana, chini ya kilobiti 100 kwa sekunde kila upande. Ukiongea saa nzima umetumia kama MB 80. Modemu yoyote ya 4G inaweza hiyo. Kinachoharibu simu ni ucheleweshaji na kuyumba kwa mtandao. Sauti ikichukua zaidi ya milisekunde 150 kufika upande wa pili, mnaanza kukatizana maneno, na ikifika kwa kushtukashtuka unasikia mtu kama roboti. Video hupakia sehemu ya mbele mapema, ndiyo maana YouTube inacheza vizuri kwenye mtandao uleule unaokwamisha simu. Kwa hivyo muuzaji akikuonyesha video ikicheza safi pale dukani, mwambie asante, halafu omba upige simu.

Siku hizi swali letu la kwanza ni: hii inakubali laini zote? Modemu nyingi za bei ya chini zimefungwa kwa mtandao mmoja, na mtandao unaoshika vizuri mjini si lazima ushike chumbani kwako. Iliyofunguliwa ni ghali kidogo lakini tunaona inajilipa. Na kabla hujatoa hata shilingi, azima simu mbili tatu zenye laini tofauti, washa hotspoti ukiwa kwenye kiti kilekile utakachofanyia kazi, saa mbili usiku jirani wote wakiwa mtandaoni, upige simu ya dakika kumi. Hilo jaribio linakuambia mengi kuliko boksi.

Betri nayo ichague ya kutoa, manake ikifura unabadilisha betri peke yake. Stima ikipotea na rauta ya fiber izime, hapo ndipo utaishukuru.

Lakini jambo linalotusumbua zaidi hata halihusu sauti. Tumeona watu wakitoa laini yao ya pesa kwenye simu na kuiweka kwenye modemu, ati kwa sababu ina bando. Tafadhali usifanye hivyo. Modemu nyingi hupokea SMS na kuzihifadhi kwenye ukurasa wake wa mipangilio, na nywila ya ukurasa huo mara nyingi bado ni ile ya kiwandani: admin. Mtu yeyote uliyempa WiFi anaweza kuingia akasoma ujumbe wako, pamoja na nambari za siri za mara moja. Wewe mwenyewe hutaona lolote kwenye simu yako. Sajili laini tofauti ya modemu, badilisha nywila siku ya kwanza, kisha hifadhi nambari ya laini hiyo kwenye simu yako. Bando likiisha katikati ya kazi, unainunulia kwa pesa ya simu bila kufungua kitu.

Kwa mwenye biashara: fundi akikuambia atafungua mfumo wa simu kwa intaneti nzima ili modemu ziingie, kataa. Wahalifu hutafuta mifumo kama hiyo usiku na mchana, wanapiga simu za nje ya nchi na bili inakuja kwako. Akisema ataruhusu anwani ya modemu yako pekee, mkumbushe kwamba anwani za mitandao ya simu hubadilika na hutumiwa na watu wengi kwa pamoja. Aweke VPN, kila mfanyakazi na akaunti yake.

Kuna watakaouliza, si nitumie tu hotspoti ya simu yangu? Kwa siku moja, sawa. Sisi tulijaribu kwa mwezi. Kwenye simu nyingine, ukipigiwa simu ya kawaida data inashuka au inasimama, na mteja wa ofisini anabaki akisema "haloo, haloo" peke yake. Simu yenyewe ilikuwa ya moto hadi tukawa tunaiweka juu ya sakafu.