Filamu za Shule Zaonekana, Lakini Hazisikiki

Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda Kanyakine, Imenti Kusini, kurekodi mazungumzo ya wazee kwa ajili ya utafiti wa lahaja za Kimeru. Mzee mmoja aliketi nami kando ya migomba yake, akanisimulia kwa muda wa saa nzima maneno ya kale ya kilimo cha mtama na wimbi. Niliporudi mjini na kusikiliza nilichokinasa, nilisikia upepo na majani ya migomba. Maneno ya mzee yalinifikia moja moja, kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mto. Nilipokwenda tena mwaka uliofuata, alikuwa ameaga dunia. Kosa lilikuwa langu. Chombo cha kurekodia nilikuwa nacho; nilichokosa ni kipande cha sifongo.

Nayakumbuka hayo kila ninapotazama filamu za wanafunzi wetu. Picha aghalabu hupendeza, kwani simu za siku hizi zina macho makali. Lakini mhusika afunguapo kinywa, mtazamaji huinama mbele na kutega sikio. Walimu huniambia kwamba kisa ni ufukara: vifaa vya sauti ni ghali. Kwa heshima zote, nalikataa jibu hilo.

Upepo hauingii katika maikrofoni kama sauti nyingine. Huipiga maikrofoni yenyewe, nayo ikatoa ngurumo nzito. Ngurumo hiyo huangukia pale pale inapokaa kidatu cha sauti ya mwanamume, na Kimeru ni lugha ya toni: kidatu kikifunikwa, sehemu ya maana hufunikwa pia. Umbali nao ni adui. Ukipunguza nusu ya masafa baina ya kinywa na maikrofoni mahali pa wazi, nguvu ya sauti inayoifikia huongezeka mara nne. Hakuna simu ya bei kubwa inayoweza kufanya kazi ya hatua mbili za kusogea karibu.

Basi na tusogee. Mwanzi mwepesi au mpini wa ufagio hutosha kumfikishia msemaji maikrofoni ndogo ya waya, ikining'inia juu ya kichwa chake, nje kidogo ya picha. Ili mtikisiko wa mikono usisikike, kata pete pana ya paipu ya maji ya plastiki, uifunge kwenye ncha ya mwanzi, kisha uiningínize maikrofoni katikati kwa blada, yaani vipande vya tyubu kuukuu ya baiskeli. Ivishe sifongo la godoro lililotobolewa, na juu yake kitambaa cha manyoya kutoka koti lililochakaa. Manyoya huvunja kasi ya upepo. Sifongo huhifadhi hewa tulivu. Ndani ya darasa lenye mwangwi, tundika mablanketi ya bweni nyuma ya kamera na pembeni.

Kipimo cha kazi hiyo ni rahisi. Mwanafunzi mmoja aseme "saa", "faa", "sina", "shina" mbele ya chombo. Mwingine, ambaye hakumwona akisema, asikilize na kuandika. Akikosea, kitambaa ni kizito mno; kimezima sauti nyembamba zinazotenganisha konsonanti hizo. Hapo somo la fizikia, la ushonaji na la fonetiki yamekutana juu ya meza moja, na huo ndio ujifunzaji kwa vitendo ambao mtaala wa umilisi unauhimiza.

Wala jambo hili si geni katika Afrika Mashariki. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Tanganyika, mradi mmoja wa filamu wa enzi ya ukoloni ulipiga picha zisizo na sauti, na maneno yakanaswa katika sahani za santuri zilizochezwa sambamba na picha. Ilikuwa njia ya gharama nafuu, na sahani ziliruhusu filamu moja isemwe kwa lugha kadhaa. Siusifu mtazamo wa mradi huo kwa Mwafrika. Taabu yake moja, hata hivyo, ilikuwa kulinganisha sauti na picha, na taabu hiyo leo huondolewa na vibao viwili: vigonganishe mbele ya kamera, kisha wakati wa kuhariri uoanishe mlio huo na picha ya vibao vikikutana.

Sidai kwamba mwanzi na blada hushinda vifaa vya dukani. Nasema tu kwamba mwanafunzi aliyejitengenezea chombo hujua kwa nini sauti huharibika, na huyo hata akipewa cha dukani atakitumia ipasavyo. Waamuzi wa tamasha za drama na filamu, kwa upande wao, waipe sauti uzito sawa na picha. Kinachotuzwa ndicho kinachofunzwa.

Kwa mwalimu, ombi langu ni dogo. Kabla ya kuiomba bodi ya shule kamera mpya, watume wanafunzi watafute godoro bovu na tyubu iliyotoboka. Kisha wapeleke walichokiunda kwa nyanya na babu zao, wanase simulizi zao upepo ukivuma. Wazee wangali wanazungumza. Tatizo ni kwamba hatuwasikii vizuri.