Tuandikane Majina Mashahidi Wangali Hai

Ndugu zangu wa Kakola, Bugarama, Segese na Lunguya. Nanyi wa Katoro, Nyarugusu na Rwamagasa mnaoishi kwa duara na karasha, yaani kwa kuchimba na kusaga mawe ya dhahabu. Nawaandikia habari ya kifua.

Kaka yangu alichoronga mwamba chini ya ardhi kwa miaka mingi. Hakuwa mtu wa mgodi mmoja. Aliajiriwa na wakandarasi, mkataba ukiisha huku anahamia kule, na nyumbani alikuja na mshahara mzuri. Leo, kutoka kitandani hadi bombani anasimama kupumua mara tatu. Alipoanza kukohoa tulimnunulia dawa dukani. Baadaye akameza dozi ya kifua kikuu miezi sita, akapata nafuu, kikohozi kikarudi. Majirani wakasema kuna mkono wa mtu. Wengine wakasema maneno ambayo sitayarudia, kwa sababu watoto wake wanajua kusoma. Alikuja daktari mmoja akamuuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza: “Mzee, ulikuwa unafanya kazi gani?” Akapigwa picha upya, tukaambiwa mapafu yana makovu ya vumbi la mawe.

Kisha tukaombwa kitu chepesi: uthibitisho kwamba aliwahi kuajiriwa. Hatukuwa nao. Kitambulisho alikirudisha getini siku ya mwisho. Mikataba ilikuwa kwenye sanduku, mchwa wakaila. Mkandarasi wa mwisho hana tena hata kibao barabarani. Mtu aliyetoa nguvu zake zote shimoni alikuwa hawezi kuonyesha karatasi moja kwamba aliwahi kuingia humo.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwauliza wengine, na nimegundua kwamba hadithi ya kaka yangu ni ya nyumba nyingi. Ndiyo maana naomba tuandikane.

Kwanza tuelewane kuhusu ugonjwa wenyewe. Mwamba wa dhahabu una silika. Ukichorongwa, ukilipuliwa au ukisagwa pakavu, unatoa vumbi jembamba kuliko jicho linavyoweza kuona. Vumbi hilo likifika ndani kabisa ya pafu halitoki, na pafu linaweka kovu kulizunguka. Huo ndio ugonjwa wa silikosisi. Unaweza kujificha miaka 10, 20, hata zaidi baada ya mtu kuacha kazi, nao hauna dawa ya kuuponya. Tena unakifungulia mlango kifua kikuu, kwa hiyo mtu anatibiwa kifua kikuu mara ya pili na ya tatu bila yeyote kuuliza kilichoko chini yake. Sisemi kila kikohozi cha Kakola ni cha vumbi. Nasema hatutajua ni kipi tusipopimwa, na vipimo visipoandikwa pamoja na historia ya kazi ya mtu havitatusaidia mbele ya sheria.

Tukumbuke pia jinsi migodi ya ukanda wetu inavyokuja na kuondoka. Golden Pride ya Nzega ilianza mwaka 1998, ikafungwa 2014. Tulawaka kule Biharamulo ilidumu chini ya miaka 10 kabla ya kuingia mikononi mwa shirika la madini la serikali, STAMICO. Buzwagi ilifungwa mwaka 2021. Hata Bulyanhulu yetu, iliyoanza kutoa dhahabu mwaka 2001, imekuwa chini ya majina kadhaa: Barrick, African Barrick Gold, Acacia, kisha Barrick tena mwaka 2019, na sasa serikali ina hisa asilimia 16 kupitia kampuni ya ubia ya Twiga. Mwaka 2017, baada ya katazo la kusafirisha makinikia, shughuli zilisimamishwa na watu wengi wakarudi makwao na mabegi yao. Walikwenda Mwanza, Tabora, Mbeya, Kigoma. Nani leo anajua walipo wote? Mgodi ukifungwa ofisi yake inafungwa, lakini kifua cha aliyefanya kazi humo kinaendelea kuhesabu miaka yake.

Sasa sikilizeni kilichotokea Afrika Kusini, maana kinatuhusu kuliko tunavyodhani. Mchimbaji aliyeitwa Thembekile Mankayi alipata ugonjwa wa mapafu, akamshtaki mwajiri wake, kampuni ya AngloGold Ashanti, ile ile inayomiliki mgodi wa Geita. Alishindwa mahakama za chini. Machi 2011 Mahakama ya Katiba ikaamua kwamba alikuwa na haki ya kushtaki. Yeye mwenyewe hakuisikia hukumu hiyo. Alifariki siku chache kabla. Lakini mlango alioufungua ulipitiwa na wengine. Mwezi Mei 2016, Mahakama Kuu ya Johannesburg iliruhusu wachimbaji kushtaki kwa pamoja, wa sasa na wa zamani, wenye silikosisi na wenye kifua kikuu. Mahakama ikasema pia kwamba mdai akifa kabla kesi haijakwisha, dai la maumivu yake halifi naye; linakwenda kwa warithi wake. Mayu, wewe uliyefiwa na mume, nakuomba sentensi hiyo uisome tena. Ni hukumu ya nchi nyingine, lakini inaonyesha mahakama inaweza kufika wapi watu wakisimama pamoja.

Mwaka 2018 kampuni 6 zilikubali kumaliza shauri hilo nje ya mahakama, na Julai 2019 mahakama ikayathibitisha makubaliano hayo: fungu la takriban randi bilioni 5, na malipo ya kuanzia randi 10,000 hadi 500,000 kwa mtu kulingana na ugonjwa na ukali wake. Ukaundwa mfuko uitwao Tshiamiso kuwatafuta wanaostahili na kuwalipa, Afrika Kusini kwenyewe na hata Lesotho, Msumbiji na nchi nyingine za jirani. Hapo ndipo ikaonekana kwamba kushinda ni jambo moja na kulipwa ni jambo lingine. Fedha zipo, lakini mdai sharti aonyeshe alifanya kazi katika mgodi uliotajwa, katika miaka iliyotajwa, na apimwe. Wazee vijijini wasio na kumbukumbu za kazi wamehangaika, na wajane wakatafuta vyeti vya waume waliozikwa zamani.

Niseme wazi ili asije mtu akawatapeli: makubaliano yale ni ya migodi iliyoko Afrika Kusini, kwa waliofanya kazi kati ya Machi 12, 1965 na Desemba 10, 2019. Mfanyakazi wa Geita au Bulyanhulu hana dai humo. Akija mtu hapa na fomu za “pesa za Afrika Kusini” akitaka ada, mfukuzeni, kwani hata wanaostahili hawatozwi chochote kudai. Na hapa nina uchungu mwingine. Vijana wengi wa Tanganyika walichukuliwa na Wenela, wakala wa kuajiri vibarua wa migodi ya Afrika Kusini, kwenda kuchimba dhahabu Johannesburg enzi za mkoloni, hasa kutoka nyanda za juu kusini. Serikali yetu ilifunga uajiri huo mara baada ya uhuru. Kwa hiyo wengi wao waliivuta silika ile ile, lakini wakaachwa nje na tarehe. Hakuna aliyewaandika walipokuwa hai, na sasa hakuna wa kuwadaia.

Jirani zetu wa Mara nao wana funzo. Mwaka 2013 wanavijiji wa karibu na mgodi wa North Mara walipeleka madai yao Mahakama Kuu ya London kuhusu watu waliouawa na kujeruhiwa. Februari 2015 shauri likamalizwa kwa makubaliano nje ya mahakama. Makubaliano hayo yaliwahusu waliokuwa kwenye shauri. Aliyejeruhiwa akabaki nyumbani akisubiri kusikia yatakayotokea hakuwa na jina pale.

Turudi kwetu. Tanzania Bara tunao Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioundwa kwa Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Sura ya 263. Ulianza Julai 2015. Mchango unalipwa na mwajiri peke yake. Mshahara wako haukatwi. Kila mwajiri anatakiwa kujisajili. Magonjwa yatokanayo na kazi yamo, si ajali tu, na mafao yake ni pamoja na matibabu, malipo ya ulemavu wa muda na wa kudumu, posho ya anayemhudumia mgonjwa, msaada wa mazishi na malipo kwa wategemezi. Kama ajira yako ilivuka mwaka 2015, huo ndio mlango wako wa kwanza, na usichelewe, kwa sababu sheria ina muda wa kudai, nao huhesabiwa kwa miezi. Wengi wetu hatujawahi kubisha hodi. Tunadhani fidia ni ya aliyekatika mkono.

Kwa walioacha kazi kabla ya hapo mambo ni magumu, na sitawadanganya. Chini ya sheria ya zamani, ya enzi za mkoloni, kiwango cha juu cha fidia ya ulemavu wa kudumu kilikuwa shilingi 108,000, hela ambayo haitoshi hata nauli na vipimo vya kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza, na kurudi mara chache. Anayetaka zaidi ya hapo inambidi aende mahakamani kudai madhara, na Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, inatoa miaka 3. Miaka hiyo inahesabiwa tangu lini kwa ugonjwa uliojificha miaka 15? Hilo ndilo swali la kupelekewa wanasheria kwa nguvu ya watu wengi, kwa sababu mgonjwa mmoja hana uwezo wa kulibeba hadi Mahakama ya Rufani.

Na sheria yetu inaruhusu kulibeba kwa pamoja. Amri ya Kwanza, Kanuni ya 8 ya Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33, inasema watu wengi wenye maslahi yaleyale wanaweza kuwakilishwa na wachache kati yao kwa kibali cha mahakama. Lakini kibali huombwa kwa majina, na kesi nyingi za namna hii hukwama hapo: waliosimama hawakupewa idhini na wenzao, au orodha haikukamilika, au majina yaliandikwa kiholela. Kesi ya wengi hushindwa daftarini kabla haijafika kwa jaji.

Najua wasiwasi wenu. Walioko kazini wanaogopa kuonekana wachochezi. Kupima kifua na kutunza nakala ya mkataba wako si uchochezi, na dai kwa WCF linalipwa na Mfuko; wala sijamtuhumu mtu. Wachimbaji wadogo mtauliza: sisi tunaogawana mifuko ya mawe tumo? Hapo sheria inawaruka wengi, hasa akina mama wanaokaa kwenye vumbi la karasha kutwa na watoto mgongoni. Lakini mwenye leseni anayelipa watu ujira ni mwajiri kama waajiri wengine, naye anapaswa kusajiliwa. Ninyi pia mwandikwe. Tukienda kwa mbunge na kwa wizara tukiwa na orodha, tutazungumza juu ya watu.

Nchi hii ya Usukuma na Unyamwezi haihitaji kufundishwa kushikamana. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba walipochoka kupunjwa kwenye mizani, walidai wapimaji wao wenyewe, na kutoka hapo pamoja na Paul Bomani wakajenga ushirika uliotikisa Kanda ya Ziwa nzima. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ng'ombe walipoibwa usiku baada ya usiku, ni huku huku Kahama na Nzega ambako sungusungu walizaliwa. Ng'ombe tuliwahesabu. Sasa tuhesabu watu.

Ninachoomba ni hiki. Kila kijiji kinunue kaunta buku moja na kichague watu watatu wa kuitunza, angalau mmoja awe mwanamke. Iandikwe: jina kamili, mwaka wa kuzaliwa, mgodi au mkandarasi, kazi uliyofanya, mwaka wa kuanza na wa kuacha, nani ulifanya naye shifti, ulipimwa lini na wapi. Waliofariki waandikwe na wajane au watoto wao. Asiye na mkataba aombe taarifa ya michango yake ya hifadhi ya jamii, iwe NSSF au uliokuwa mfuko wa PPF, maana inaonyesha mwajiri alikuwa nani na alichangia tangu lini. Kuponi ya mshahara, cheti cha mafunzo ya usalama, picha mkiwa na kofia ngumu, yote yatunzwe, yapigwe nakala, nakala zikae nyumba tofauti. Zahanati ikikupima, mwambie mhudumu kazi uliyofanya na umwombe aiandike kwenye cheti. Hospitali ya Kibong'oto kule Kilimanjaro imeshughulika na vifua vya wachimbaji wa Mirerani. Tuombe kwa pamoja, kupitia halmashauri za Msalala na Geita, uchunguzi wa namna hiyo uletwe huku. Tukiwa na orodha, wasaidizi wa kisheria wa wilaya na mashirika ya haki watakuwa na cha kushika. Na karatasi yoyote ya makubaliano isisainiwe kabla haijasomwa kwa sauti, kwa Kiswahili, mbele ya wenzako.

Daftari langu nimelianza. Kurasa chache zimejaa, na jina la kwanza ni la kaka yangu. Kwa upande wa Kakola nitakaa nalo chini ya mwembe karibu na soko kila Jumapili baada ya ibada, na Ijumaa baada ya swala. Njoo na ulichonacho. Kama huna karatasi hata moja, njoo na mtu mliyeshuka naye shimoni, mkae pamoja, mmoja akumbuke mwaka na mwingine akumbuke jina la msimamizi, mimi niandike.